Je, Ni Haki Kuwaficha Ndugu?

Yako maswali ya maadili yaliyo ya kale kama wanadamu wenyewe, lakini kila kizazi huyakuta yamevaa nguo mpya. Swali tunalotaka kulitazama juma hili ni mojawapo. Limetoka hospitalini, tena mahali ambapo wengi wasingelitazamia: katika tiba mpya ya saratani ya utumbo mpana. Tiba hiyo haitolewi kwa kila mgonjwa. Kwanza hufanywa kipimo, ili ijulikane kama saratani yake ni ya namna ile inayoitikia dawa. Na kipimo hicho, kikiisha kumweleza mgonjwa habari zake, mara nyingine huanza kueleza habari za watu wengine: kaka na dada zake, watoto wake, hata binamu zake walio mbali. Basi twauliza: je, mgonjwa aweza kuzihesabu habari hizo kuwa mali yake peke yake, akanyamaza? Au analo deni kwa ndugu zake?

Sisi twasema kwamba analo deni. Lakini jibu la haraka halimsaidii mtu aliye taabuni. Kwa hiyo yatupasa kwanza kulieleza jambo lenyewe, kisha kuzipima sababu za wale wanaonyamaza, maana baadhi ya sababu hizo si za kupuuzwa.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi mno, nazo hujigawa kila siku ili kushika nafasi ya zile zilizochakaa. Kila chembe inapojigawa hunakili DNA yake, yaani ule mwandiko mrefu wa maagizo tunaourithi kwa baba na mama. Kama karani anayenakili kitabu kikubwa, chembe nayo huteleza hapa na pale, ikaandika herufi isiyo mahali pake. Ndiyo maana mwilini wamo wasahihishaji. Protini nne, ziitwazo MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, hushirikiana katika kuyatafuta makosa hayo ili yaondolewe. Mwaka 1912 au 1950 hakuna aliyelijua jambo hili. Mwaka 2015 Paul Modrich alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar, kwa sababu ya kazi yao ya kueleza jinsi chembe zinavyoitengeneza DNA iliyoharibika. Msahihishaji mmoja akikosekana, makosa hulimbikizana maelfu kwa maelfu, nayo yakiangukia mahali pabaya, chembe hugeuka kuwa saratani. Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa hauzibwi kwa kuwa fundi mwenyewe hayupo.

Katika kila wagonjwa 100 ambao saratani yao ya utumbo mpana imekwisha kusambaa mwilini, 4 au 5 hivi wana kasoro hiyo ya usahihishaji. Zamani habari hiyo ilikuwa mbaya tupu, kwa kuwa dawa za kawaida za kemotherapia ziliwafaa kidogo. Lakini ndani ya ubaya huo mlikuwa na jambo jema lililofichika. Makosa yale mengi huzifanya chembe za saratani zionekane ngeni kabisa mbele ya askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu zinazotulinda na maradhi. Askari wanamwona adui. Kinachowazuia ni breki. Mwili umewawekea breki ili wasije wakaushambulia wenyewe, na saratani huikanyaga breki hiyo kwa hila. Tasuku Honjo wa Japani aliigundua breki moja iitwayo PD-1, na James Allison wa Marekani alionyesha kwamba kuifungua breki nyingine, CTLA-4, kwaweza kuwa tiba. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Mwaka 2015 matabibu wa Johns Hopkins, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio dogo la dawa iitwayo pembrolizumab, inayoifungua breki ya PD-1. Katika wagonjwa 10 wa saratani ya utumbo mpana wenye kasoro tuliyoitaja, uvimbe ulinywea kwa 4. Katika wagonjwa 18 wasio na kasoro hiyo, haukunywea hata kwa mmoja. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali dawa hiyo kwa uvimbe wa kiungo chochote wenye kasoro hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuikubali dawa ya saratani kwa kufuata alama ya uvimbe, si mahali ulipoota. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 307. Nusu ya waliopewa pembrolizumab walikaa miezi 16.5 au zaidi kabla ugonjwa haujazidi. Kwa waliopewa kemotherapia ilikuwa miezi 8.2. Tena mwaka 2024 ilitangazwa kwamba dawa mbili za namna hiyo zikitolewa pamoja, nivolumab na ipilimumab, wagonjwa 72 katika 100 walikuwa hawajazidiwa baada ya miezi 24, hali kwa kemotherapia walikuwa 14 tu.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Dawa hizi si muujiza. Katika jaribio lile la watu 307, karibu 3 katika kila 10 waliopewa pembrolizumab waliona ugonjwa ukiendelea kukua tangu mwanzo, kana kwamba hawakupewa kitu. Na askari waliofunguliwa breki waweza kugeuka na kushambulia tezi, ini, mapafu au utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, kwa watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawana tumaini, mlango umefunguka, na ufunguo wake ni kipimo.

Kipimo chenyewe hufanywa juu ya kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Mtaalamu wa maabara hukitia rangi, akatazama kwa darubini kama zile protini nne zipo zote. Moja ikikosekana, tabibu ajua kwamba dawa ya kufungua breki yaweza kufaa. Lakini pia ajua kwamba ni lazima aulize swali la pili: kasoro hii imetoka wapi?

Mara nyingi imezaliwa ndani ya uvimbe tu, hasa kwa wazee. Wala haiwahusu watoto wala ndugu. Jambo hili lisisahauliwe, ili mtu asiupigie ukoo mzima kengele ya hatari kabla hajaambiwa hakika. Lakini mara nyingine mgonjwa amezaliwa nayo. Hali hiyo ya kurithi huitwa ugonjwa wa Lynch, na yakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 300 hivi anayo, walio wengi bila kujua. Mwenye kasoro hiyo hana hakika ya kupata saratani. Hatari hupungua au kuongezeka kwa kufuata ni protini ipi iliyokosekana. Lakini kwa baadhi yao karibu nusu hupata saratani ya utumbo mpana kabla ya kuufikia uzee mkubwa, tena mara nyingi katika umri wa kulea watoto. Wanawake huingia pia katika hatari ya saratani ya mji wa mimba. Na kila mtoto wa mwenye kasoro, awe wa kiume au wa kike, ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Damu haiulizi jina la ukoo: kasoro yaweza kupita kwa mama sawasawa na kwa baba.

Haya, sasa mgonjwa amelala kitandani, ameambiwa mambo mawili kwa siku moja. La kwanza: ipo dawa iwezayo kumfaa. La pili: dada yake aliye shambani, mzima wa afya, huenda anauchukua mzigo ule ule bila kujua. La kwanza atalisema kwa furaha. La pili, wengi hulimeza.

Twazijua sababu zao. Ya kwanza ni hii: mwili ni wangu, ugonjwa ni wangu, siri ni yangu. Twakubali kwamba siri ya mgonjwa ni kitu cha heshima kubwa. Tabibu anayeitangaza sokoni atenda uovu, na jirani anayeichungulia atenda uovu. Lakini si kila kitu kilichomo mwilini mwangu ni changu peke yangu. Maumivu yangu ni yangu. Woga wangu ni wangu. Siku zangu zilizobaki ni zangu. Ile kasoro niliyopokea kwa mzazi, ambayo ndugu yangu huenda aliipokea kwa mzazi yule yule, hiyo haikuanza kwangu wala haiishii kwangu. Mimi nimekuwa wa kwanza kuisikia tu. Mtu aliyepewa barua yenye majina ya watu sita juu yake hawi mwenye barua kwa sababu mjumbe alibisha kwanza mlangoni pake. Amewekewa amana.

Sababu ya pili ni aibu. Katika vijiji na miji yetu, likitajwa neno saratani, wapo watakaosema ukoo umelaaniwa, au umerogwa. Na wapo watakaonong'ona msichana wa nyumba ile asiposwe. Sababu hii haiwezi kuchekwa, maana maumivu yake ni ya kweli. Lakini na tuitazame vizuri. Ukoo ambamo watu hufa wangali vijana, mmoja baada ya mwingine, umekwisha kusemwa tayari. Kimya hakijawahi kuzuia uvumi, huulisha. Kinachouondoa uchawi midomoni mwa watu ni kujua kwamba kuna protini moja inayokosekana, yenye jina, inayoweza kupimwa, isiyomhusu adui wala jirani. Mficha maradhi, wazee walisema, kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba katika ugonjwa wa kurithi kifo hakimuumbui yeye peke yake.

Tena historia ya elimu hii yatufundisha jambo. Mwaka 1895, katika Michigan, Marekani, mwanamke mmoja mshonaji wa nguo alimweleza Aldred Warthin, tabibu wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba watu wengi wa jamaa yake walikufa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo na ya mji wa mimba, na kwamba yeye naye alitazamia kufa hivyo hivyo. Warthin hakumdharau. Aliifuata jamaa ile, akaiandika habari yake mwaka 1913. Yule mwanamke alikufa kama alivyohofu. Nusu karne baadaye, mwaka 1966, Henry Lynch, ambaye kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Creighton, chuo cha Wajesuiti mjini Omaha, aliandika juu ya jamaa nyingine za namna hiyo, hali wataalamu wengi hawakusadiki kwamba saratani yaweza kurithiwa. Tangu mwaka 1993 jeni zenye kasoro zikaanza kupatikana, kwa msaada wa jamaa zilizokubali kueleza vifo vyao na kutoa damu yao ichunguzwe. Basi mgonjwa wa leo anayefaidiwa na kipimo hiki, afaidiwa na watu waliokubali kusema. Je, itakuwa haki kula matunda ya maneno ya wengine, kisha kuwanyima wa nyumbani mwako neno lako?

Sababu ya tatu hutoka katika upendo, au husema hivyo: kwa nini nimtie hofu mtu mzima wa afya? Mwache alale usingizi wake. Sababu hii ingekuwa na nguvu kama hofu hiyo isingekuwa na faida yoyote. Lakini ina faida. Nchini Finland, watu wa jamaa zenye ugonjwa huu walifuatwa kwa miaka 15. Katika 133 waliokubali kuchunguzwa utumbo kila baada ya miaka 3, saratani iliwapata 8, wala hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Katika 119 ambao hawakuchunguzwa, iliwapata 19, wakafa 9. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2000. Katika uchunguzi huo tabibu hupitisha mrija mwembamba wenye kamera, akiona kiotea kidogo hukiondoa kabla hakijawa saratani. Na siku hizi wenye hatari kubwa hushauriwa kuchunguzwa mara kwa mara zaidi. Jaribio jingine, lililofuata watu 861 wenye kasoro hii na kutangazwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba aspirini, dawa ya senti chache, hupunguza hatari: saratani ya utumbo mpana iliwapata 9 katika 100 ya waliopewa aspirini, na 13 katika 100 ya wasiopewa. Asije mtu akaanza kuimeza kwa shauri lake mwenyewe, maana huweza kutoa damu tumboni. Tabibu ndiye wa kuulizwa. Lakini nani atamwuliza tabibu juu ya hatari asiyoijua? Usingizi wa mtu ambaye nyumba yake inaanza kuungua si usingizi wa kuheshimiwa.

Sababu ya nne ni ya maskini, nayo ndiyo inayotuuma zaidi. Husema: dawa yenyewe hatuiwezi, ya nini basi kujua? Ni kweli kwamba bei ni ya kutisha. Nchini Marekani bei ya orodha ya pembrolizumab yapita dola 11,000 kwa kila dozi ya wiki 3, na matibabu yaweza kufika miaka 2. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumab katika orodha ya dawa muhimu kwa saratani hii iliyosambaa, na tendo hilo lazipa serikali zetu neno la kusema mbele ya watengenezaji. Twazitaka zilitumie neno hilo. Lakini hata kabla bei haijashuka, sababu hii yageuka kinyume cha yule anayeitoa. Maana kama dawa ya saratani iliyosambaa haipatikani, hapo ndipo inapozidi kuwa lazima isisambae kamwe. Tajiri aliyenyimwa habari aweza kununua nafasi ya pili. Maskini hana ila ile ya kwanza, nayo imo katika kinywa cha ndugu yake.

Wengine watauliza: kama ni deni, kwa nini tabibu asiwaambie ndugu yeye mwenyewe? Mahakama zimekwisha kukutana na swali hili. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya New Jersey, Marekani, ilisikiliza kesi ya mwanamke aliyeugua saratani ya utumbo ya kurithi, ya aina nyingine, iliyomwua baba yake miaka mingi nyuma. Ikasema kwamba tabibu wa baba alikuwa na wajibu wa kuona kwamba walio hatarini wanaonywa. Sisi hatupendi tabibu aruke juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa sababu siku wagonjwa watakapoogopa matabibu, hawatakuja kupimwa, na wote watapotea pamoja. Wajibu wa tabibu ni kueleza waziwazi, kwa lugha inayoeleweka, kusisitiza, na kumpa mgonjwa barua ambayo ndugu aweza kuipeleka hospitali yoyote. Wajibu wa kufungua kinywa ni wa mgonjwa.

Namna ya kusema nayo ina adabu yake. Habari hii haisemwi matangani mbele ya umati, wala haitumwi kama amri. Mwenye kuugua, au mtu wa ukoo anayeaminiwa naye, awaendee ndugu watu wazima mmoja mmoja, aseme: kwangu kumeonekana jambo la kurithiwa, ukitaka, lipo la kupimwa, ukipimwa, yapo ya kufanya. Kisha amwachie mwenzake uamuzi. Ndugu anayo haki ya kukataa kipimo. Hana mtu haki ya kumnyima nafasi ya kuchagua. Watoto wadogo nao waachwe wakue. Kipimo cha kasoro hii kwa kawaida hungoja utu uzima. Na jambo lisicheleweshwe. Kasoro ya ukoo hutafutwa kwa urahisi zaidi kwa yule aliyekwisha kuugua. Akifa kabla ya kupimwa, walio nyuma watatafuta gizani.

Nao wenye afya wana deni lao, maana haifai kumdai mgonjwa ujasiri huku sisi tukimwandalia fedheha. Anayeletewa habari ya namna hii asimlaumu aliyeileta, wala asimlaumu mzazi, kwa kuwa hakuna aliyechagua. Wazazi wanaotafutia watoto wao wachumba wakumbuke kwamba nyumba inayoijua hatari yake na kuilinda ni salama kuliko nyumba inayoificha. Tukiwa wepesi wa kuaibisha, tutakuwa tumewafunga vinywa wale tunaotaka waseme, na sehemu ya vifo itahesabiwa juu yetu.

Hivyo twarudi kwenye neno letu. Kipimo kinachomfungulia mgonjwa mlango wa dawa hakimpi zawadi tu; humkabidhi pia amana ya watu wengine. Yeye aweza kupona au asipone, kwa maana hilo halimo mikononi mwake. Kuwaambia nduguze kumo mikononi mwake, hata kama nguvu zimebaki za kusema maneno kumi tu. Anayejua na kunyamaza amechukua kisicho chake. Anayesema amewarudishia wenyewe.